Mahagi: Kinachoshinda familia si mashine ya Kampala, ni zile wiki saba

Si jambo geni kwenye mpaka wa Goli kumwona mtu mzima aliyejifunga kitambaa mdomoni, mkono mmoja umeshikwa na binti yake, mkono wa pili umebeba mfuko wa plastiki wenye karatasi za hospitali. Vijana wa pikipiki hawabishani naye bei. Wanajua anakwenda Kampala, na wanajua anafuata nini huko: tiba ya mionzi, ile ambayo hapa Mahagi wengi huiita kuchomwa.

Mzee mmoja wa miaka sitini na kitu alivuka hapo namna hiyo. Jina lake halitajwi, watoto wake wameomba hivyo. Ni mkulima wa Djugu aliyekimbia vita mwezi wa sita mwaka 2019, na tangu hapo anaishi na jamaa yake katika uwanja wa shemeji yake hapa Mahagi. Maisha yake yote alivuta kiko, na siku za soko hakukosa gilasi mbili tatu za kaikpo pamoja na wenzake. Kidonda chake kilianza pembeni mwa ulimi, kidogo kama punje ya muhindi. Hakikuuma. Ndiyo sababu hakuna aliyekiogopa.

Kwa miezi saba kidonda hicho kilitibiwa kama kidonda chochote. Kituo cha afya cha kwanza kilitoa vidonge. Cha pili kilitoa vidonge vilevile vyenye jina lingine, na dawa ya kusukutua juu yake. Mganga wa kienyeji alikikwangua kwa wembe na kupaka majivu ya mizizi. Jirani alisema ni jino bovu linalochoma ulimi, basi jino likang'olewa. Mzee alipoanza kushindwa kumeza bugali na suruali ikaanza kumdondoka, ndipo daktari mmoja alipokata kipande kidogo cha nyama ya ulimi ili kipimwe. Jibu lilichukua wiki tatu kufika. Kansa.

Uvimbe ulikuwa umeshapita hali ya kukatwa na kuisha. Madaktari wa Kampala wakaamua mionzi pamoja na dawa ya kupitia mshipani: mara 35, siku tano kwa wiki, Jumamosi na Jumapili kupumzika. Hesabu yake hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ni wiki saba.

Watoto wanne wa mzee walikaa na shemeji, wakauza ng'ombe mmoja kati ya wawili waliosalia kwa ndugu, na shirika la kanisani likatoa mchango. Walihesabu basi. Walihesabu vipimo. Walihesabu kile walichokiita bei ya mashine. Hakuna aliyehesabu wiki saba. Katika wiki ya nne pesa ikaisha, na mzee na binti yake wakapanda basi la kurudi. Alikuwa amepigwa mionzi mara 18. Zilikuwa zimebaki 17.

Hapo ndipo kisa cha mzee huyu kinapokuwa kisa cha wilaya nzima, kwa sababu hakurudishwa na daktari, wala mashine haikuharibika. Alirudishwa na kodi ya chumba, makaa na unga wa uji.

Ni lazima ieleweke vizuri kwa nini kukatiza katikati ni hatari, maana wengi wanadhani mara 18 ni nusu ya kupona. Sivyo. Mionzi hupigwa kidogo kidogo kwa makusudi. Kila siku inaumiza chembe za kansa na pia chembe nzima za mwili zilizo jirani, lakini zile nzima zinajitengeneza vizuri zaidi kati ya leo na kesho. Kwa hiyo siku moja juu ya nyingine, kansa inachoka mbele ya mwili. Mgonjwa akiacha, kansa nayo inapata nafasi ya kupumua. Na kansa za mdomo na koo zina tabia mbaya zaidi: zikishapigwa wiki tatu au nne, chembe zilizobaki huanza kuzaana kwa haraka kuliko mwanzo. Madaktari wa tiba hii hukadiria kwamba kila siku moja inayoongezeka juu ya muda uliopangwa hupunguza nafasi ya kuushinda uvimbe kwa asilimia 1 au zaidi. Mzee huyu alikaa nyumbani siku kumi na mbili. Kila mmoja apige hesabu yake.

Ubaya ni kwamba wiki ambayo mfuko unakauka ndiyo wiki ambayo mdomo nao unawaka. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Mzee anakula, anacheka kwenye simu, ndugu wa Mahagi wanasema kumbe kuchomwa ni jambo dogo. Wiki ya pili, ya tatu, mate yanakuwa mazito kama utomvu, chumvi haina ladha, nyama inaonja kama chuma. Mdomo unakuwa mwekundu, kisha unatoka vidonda vyeupe ndani ya mashavu na juu ya ulimi. Ngozi ya shingo inakuwa nyeusi na kuchubuka. Hali hiyo inazidi hadi mwisho wa tiba, na haiachi siku ya mwisho ya mashine, bali inaendelea kuwa mbaya wiki moja au mbili nyingine ndipo ianze kushuka. Familia ambayo haikuambiwa haya inaona kitu kimoja tu: mzee aliondoka anatembea na kula, sasa hata maji yanamshinda. Basi inasema mashine ndiyo inamuua, afadhali arudi afe kati ya watu wake. Maneno hayo yalisemwa kwenye simu na kaka mkubwa wa familia hii. Hakuyasema kwa ubaya. Aliogopa, na hakuna mtu aliyekuwa amemketisha chini na kumweleza.

Kuna jambo lingine ambalo familia za waliokimbia vita zinalielewa kuliko watu wengine. Kwa tiba ya mdomo na shingo, mgonjwa hutengenezewa kinyago cha plastiki. Kinapashwa joto, kinalazwa usoni kikiwa laini, kinashika sura yake, kisha kila siku anapolala juu ya meza kinafungwa kwenye meza ili kichwa kisisogee hata kidogo. Anapumua vizuri, haumii, na ni dakika chache tu. Lakini mzee huyu mwaka 2019 aliwahi kulazwa chini na watu wenye silaha. Siku ya kwanza aliponyanyuliwa mezani alikataa, akatoka nje akitetemeka, na watu wa mashine hawakujua sababu, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Binti yake ndiye aliyeeleza. Wakampa muda, wakamwonyesha kinyago, wakamwambia ainue mkono wakati wowote akitaka kusimamishwa. Kuanzia siku hiyo mzee alihesabu rozari kichwani. Anasema makumi mawili hayakuisha kabla ya mlango kufunguliwa. Mtoto anayempeleka mzazi wake aliyepitia vita aseme jambo hilo mapema, siku ya kinyago yenyewe, bila kuona haya.

Wapo bado wanaosema kansa ya mdomo ni sumu ya jirani, na wapo wanaosema ni ugonjwa wa wazungu ulioletwa juzi. Hao wote wanasahau historia iliyo hapa kando. Miaka ya 1950, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alianza kuwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Aliandika juu yake mwaka 1958. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, akiuliza kila hospitali kama inaujua uvimbe huo, na mmoja wa wenzake wawili katika gari lile alikuwa Ted Williams, daktari wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua. Arua ni West Nile, na West Nile ni jirani wa Mahagi na Aru. Ukoo mmoja wa Waalur uko pande zote mbili za mpaka. Mwaka 1967 Uganda Cancer Institute ilianzishwa pale Mulago kwa ajili ya ugonjwa huo wa taya za watoto. Ule si ugonjwa wa mzee huyu, una chanzo chake na hutibiwa zaidi kwa dawa kuliko mionzi. Lakini taasisi ambayo wagonjwa wa Ituri wanaiendea leo ilizaliwa kutokana na midomo ya watoto wa eneo hili. Kansa si mgeni hapa. Na kwa kansa ya mdomo ya watu wazima, wasababishaji wakubwa wanajulikana: tumbaku na pombe kali, na zikikutana pamoja hatari inazidi sana. Jirani hana kosa.

Mwaka 2016 kilitokea kitu ambacho kinafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani shida yote ni mashine. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi nchi nzima, ya kobalti, iliyofika mwaka 1995. Ikafa, na mafundi wakasema haitengenezeki tena. Magazeti yalipiga kelele, dunia nzima ikasikia, na hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu bure wagonjwa 400. Mashine mpya ilizinduliwa mwezi wa kwanza 2018, na baadaye nyingine za kisasa zaidi zikaongezwa. Ilichukua muda mrefu, na watu walikufa wakingoja. Lakini angalau watu walijua kwamba kuna jambo limeharibika. Mgonjwa wa Mahagi anapokatiza tiba kwa kukosa kodi ya chumba, matokeo kwake ni yaleyale ya mashine kufa. Ila hakuna gazeti linaloandika, na Nairobi haimfungulii mtu mlango.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu ndipo penye ugumu.

Watu husema Mahagi haina pesa, na waliokimbia vita ndio kabisa. Ni kweli nusu. Mtu akifa hapa, hata mkimbizi, uwanja unajaa. Turubai linapatikana, jeneza linapatikana, mchele, nyama, mafuta ya jenereta, muziki wa usiku mbili. Kuna jamaa hata wanachapisha fulana zenye picha ya marehemu. Matanga hayakosi mchango, kwa sababu kila mmoja anaogopa kuonekana hakutoa. Mgonjwa yuleyule, miezi mitatu kabla, alikuwa anatafuta pesa ya uji. Pesa ya matanga ya kawaida ya hapa, hata ikikatwa nusu, ingelipa chumba kidogo nyuma ya Mulago na chakula cha watu wawili kwa wiki kadhaa. Hili si jambo la kupendeza kuliandika, na wazee wa desturi watasema kifo kina heshima yake. Kina heshima yake. Lakini mtu aliyelala kwenye varanda ya hospitali ya nchi ya wengine, mdomo umejaa vidonda, naye anastahili heshima kabla hajafa.

Kasoro nyingine ni namna ya kutoa. Mchango wa mgonjwa hutolewa wote siku ya kuondoka. Padri anaombea, bahasha inatolewa, picha inapigwa, kila mmoja anaona amemaliza. Pesa yote inavuka Goli siku moja, na ndani ya wiki ya kwanza inaliwa na mambo ya kwanza: dalali wa chumba, picha za skana, jamaa wa mbali anayejitokeza kusaidia na kuomba nauli. Wiki ya nne mgonjwa anapiga simu, na simu haipokelewi, kwa sababu kila aliyetoa ameshatoa.

Kilichomwokoa mzee huyu, kama ameokoka, ni binti yake kukataa. Aliporudi Mahagi hakuomba pesa. Aliwaita watu uwanjani kwa shemeji, akawaonyesha kadi ya matibabu yenye visanduku 35, 18 vimetiwa alama, 17 vitupu. Akasema: "Wazee wangu, hivi vitupu ndivyo baba anavyokufa navyo." Kisha akataka kitu kimoja, kwamba kila kundi lishike wiki yake. Shirika la kanisani likashika wiki moja. Chama cha pikipiki ambacho mdogo wake ni mwanamemba kikashika ya pili. Ya tatu, na zile siku mbili za ziada, zikashikwa na watu wa kijiji chao cha Djugu, ambao sasa wametawanyika kambini na katika familia za wenyeji. Hao walileta makopo ya maharagwe na unga, wengine kopo moja, na vikauzwa sokoni vikawa pesa. Mtu mmoja kwa kila kundi alipewa kazi ya kutuma kwa simu kila Jumamosi, na kwa kuwa wengi wa mpakani wana laini za Uganda, haikuwa vigumu. Ni likelemba tu, ile ambayo akina mama wa soko wanaifanya kila siku. Tofauti ni kwamba zamu hii ilikwenda kwa mgonjwa.

Hilo lingeweza kufanyika tangu mwanzo. Kabla ya mtu kuvuka mpaka, familia ikae, karatasi iwekwe mezani, na swali la kwanza lisiwe "mashine ni bei gani" bali "nani anashika wiki ya tano". Mtu wa kutoka Kongo aulize pia mapema atalipa nini hospitalini kama mgeni, kwa sababu jibu la mwenye kitambulisho cha Uganda si lazima liwe jibu lake, na madalali wa nje ya geti hawana habari ya kweli juu ya hilo.

Na swali la pili: nani anakwenda naye? Kwa desturi ya hapa anatumwa binti, au mke wa mtoto, kwa sababu kuuguza kunaonekana ni kazi ya wanawake. Anatumwa peke yake kwa wiki saba. Ananunua, anapika, anafua, anapanga foleni, anatafsiri. Kwenye foleni za Kampala watu husema Kiganda na Kiingereza. Anayejua Kialur huwa na bahati ya kukutana na mtu wa Nebbi au Zombo. Asiyekijua, na wengi waliokimbia kutoka Djugu hawakijui, hushika Kiswahili chake na kusali mtu akielewe. Si haki kumwachia mtu mmoja mzigo huo. Kaka mkubwa aliyesema mzee arudi hakuwahi kufika Mulago hata siku moja. Angekwenda wiki moja tu katikati ya tiba, akaona wagonjwa wengine wenye midomo ileile wakiendelea, asingesema aliyoyasema. Wauguzaji wawe wawili, wapokezane, na mmoja wao awe mwanaume.

Kuna kazi ya kabla ya safari ambayo haihitaji Kampala. Meno. Kabla mdomo haujapigwa mionzi, meno mabovu yang'olewe na fizi zipate wiki mbili hivi kupona, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi haupati tena damu ya kutosha, na jino likija kung'olewa baadaye shimo linaweza kukataa kupona na mfupa kuoza. Hiyo ni hatari ya maisha yote. Mwaka wa tano mgonjwa akiumwa jino, yeyote anayeshika koleo lazima kwanza aambiwe kwamba taya hili lilipigwa mionzi. Wang'oa meno wa sokoni hawaulizi. Ni juu ya familia kusema.

Halafu kiko na kaikpo. Mzee aliacha vyote siku ya kwanza ya tiba, kwa shida. Anayeendelea kuvuta wakati wa mionzi anapunguza nguvu ya tiba na kuzidisha vidonda. Wageni wanaomletea mgonjwa tumbaku kwa huruma wazuiwe mlangoni.

Chakula ni vita vya kila siku. Bugali na sombe havipiti tena. Kilichopita kwa mzee ni uji mwepesi wenye unga wa karanga na maziwa, yai lililopondwa, avoka, supu ya kuku iliyopoa, maharagwe yaliyopikwa hadi kuvunjika kisha kuchujwa. Pilipili, limau na vitu vya moto ni marufuku. Kila baada ya chakula alisukutua kwa maji ya lita moja yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kidogo cha bikarbonati. Binti yake alimpima uzito kila wiki na kuuandika, maana mgonjwa anayekonda sana anaweza hata kukivuruga kile kinyago, kikawa kikubwa kuliko uso. Pale kumeza kunapokataa kabisa, madaktari huweka mpira wa kupitishia chakula puani hadi tumboni. Hapa Mahagi mtu mwenye mpira puani huhesabiwa maiti. Ni kosa. Mpira huo ni njia ya kula kwa muda, na wengi huuvua vidonda vikipona.

Maumivu nayo yana hofu yake. Katika wiki ya sita mzee alipewa mofini ya maji, ya kunywa, na ndugu wakaambiana kwenye simu kwamba sasa ni dawa ya kufia. Uganda ina uzoefu mrefu na dawa hiyo. Daktari Anne Merriman aliianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa kutumia mofini ya kunywa iliyo rahisi kutengenezwa, na tangu mwaka 2004 sheria ya huko inawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Anayeinywa kwa kipimo cha daktari si kwamba anaagwa. Anapunguziwa maumivu ili aweze kumeza, na akimeza anaweza kumaliza mionzi. Mzee wakati mwingine alilia alipoona kijiko cha uji kinakaribia. Nusu saa baada ya mofini alikula.

Na jambo dogo ambalo liliwaumiza wajukuu: mzee aliporudi mara ya kwanza, mama zao waliwazuia kumkaribia, wakiogopa kwamba "moto wa mashine" utawapata. Mionzi ya mashine hiyo haikai mwilini. Mgonjwa akitoka chumbani hana kitu cha kumwambukiza mtu. Anaweza kubeba mtoto, kulala na mke wake, kula sahani moja na wageni.

Serikali ya jimbo haiwezi kuachwa nje ya habari hii. Wanasiasa hupenda kuahidi hospitali kubwa Bunia, na siku moja chumba cha mionzi Bunia kitakuwa jambo la maana. Lakini chumba hicho kinataka kuta nene za zege, umeme usiokatika, wataalamu wa fizikia, mafundi, na barabara ambayo mgonjwa wa Mahagi anaweza kuipita. Leo barabara ya taifa namba 27, kutoka Mahagi kwenda Bunia kupitia Djugu, imetia watu hofu kwa miaka mingi, kiasi kwamba wengi huona Kampala iko karibu kuliko makao makuu ya jimbo lao. Kinshasa ni ya wenye tiketi ya ndege. Basi kabla ya ndoto ya mashine, kuna mambo mawili yasiyo ya ndoto. Nyumba moja ya kukodi karibu na Mulago kwa wagonjwa wa Ituri na wauguzaji wao, yenye vitanda, jiko na mtu mmoja anayejua Kiswahili, Kifaransa na Kiganda. Bei yake haifiki bei ya gari moja la msafara. Na tochi. Kila muuguzi wa kila zoni ya afya, kuanzia Mahagi hadi Angumu na Logo, na wa kila kituo kinachohudumia kambi, amulike mdomo wa kila mtu mzima anayevuta au kunywa. Kidonda ambacho hakijapona kwa wiki tatu, doa jeupe au jekundu lisilofutika, au uvimbe shingoni usiouma, asitoe vidonge mara ya pili bali atoe barua ya rufaa. Kansa ya mdomo ikikamatwa ikiwa punje ya muhindi, mara nyingi inakatwa na kisu, bila wiki saba.

Kwa waliokimbia, jambo hili lina uzito zaidi. Kambini kuna foleni ya malaria, ya kuhara, ya watoto wenye utapiamlo. Mzee mwenye kidonda kisichouma hana foleni. Mashirika ya misaada hupanga kwa ajili ya magonjwa ya kuua wiki hii, na sababu zao zinaeleweka. Lakini kuhama kumekuwa kwa miaka sasa, si wiki, na watu wanazeeka ndani ya kuhama.

Mzee alirudi Kampala, akamaliza visanduku vyake vyote. Vipimo vya kwanza baada ya tiba havikuonyesha uvimbe, na daktari akaongeza kwamba zile siku kumi na mbili zinamfanya asiseme zaidi ya hapo. Mate hayajarudi. Anatembea na chupa ya maji mfukoni, hata kanisani, na anapoongea inabidi mtu asogee. Kiko chake kimeninginia ukutani kwa shemeji, hakuna aliyekishusha. Binti yake alikuta kibanda chake sokoni kimepewa mtu mwingine. Sasa anapanga samaki wadogo wa ziwa Albert chini, kando ya barabara, na kila jioni anaweka kando kiasi kidogo ndani ya kopo la maziwa, nauli ya watu wawili, kwa sababu baada ya kila miezi mitatu wanatakiwa Mulago.